Arobaini ya Zoulikha

Zoulikha Benkaddour alipata habari za kifo chake akiwa sokoni anachagua biringani.

Aliyemletea ni mwalimu wa lise, ile shule ya sekondari anayofanya kazi mumewe, dada mmoja mwembamba wa Kifaransa mwenye baiskeli, mtu wa huruma mpaka zinamwagika. Alimshika Zoulikha mkono palepale, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba amesoma kitabu, kwamba amelia usiku mzima, na kwamba anaelewa si lazima kila kitu kiwe kilitokea vilevile. Kisha akamtia kikaratasi mfukoni. Kilikuwa na namba ya simu ya kuwasaidia wanawake wanaopigwa na waume zao.

"Kwani nani kapigwa?" Zoulikha akauliza.

"Si lazima useme leo," mwalimu akamjibu, akapanda baiskeli yake akaenda.

Kitabu chenyewe kilikuwa nyumbani juu ya kabati la vyombo tangu Januari, kimeegemezwa kwenye picha ya marehemu baba. Mounir, mdogo wake Zoulikha, ndiye aliyekiandika, akakituma kutoka Paris na maneno matamu ya shukrani ukurasa wa kwanza. Kila mgeni aliyeingia alionyeshwa jalada, akapewa alishike, akalisifu. Hakuna aliyekisoma. Tuseme ukweli, sisi wahamiaji wa mji huu wa Roubaix tuna ugonjwa huo. Mtoto wetu akitajwa gazetini tunalikata gazeti, tunalitia kwenye fremu, tunalitundika sebuleni, na ukituuliza limesema nini tunakwambia limesema mazuri.

Jioni ile Zoulikha alikitoa kabatini akavaa miwani. Ndani kulikuwa na dada mtu anaitwa Zouina, mwenye kovu kidevuni kama lake yeye, pale pale upande wa kushoto. Zouina kaolewa na Lakhdar, mlinzi wa shule, mwenye vidole vinne mkono wa kulia. Lakhdar anamvisha mtandio kwa nguvu, anamfungia ndani, anampiga kwa mkono huo wa vidole vinne, na mwandishi wala hakuchoka kuutaja, kila ukigeuza kurasa mbili tatu mkono umerudi. Mwishoni Zouina anafungua dirisha la ghorofa ya sita, anajirusha.

"Ghorofa ya sita," Zoulikha akasema peke yake. "Na sisi tunakaa chini kabisa. Nikijirusha mimi nitaangukia mapipa ya taka."

Akacheka. Alipoinua macho alimwona Larbi mumewe amesimama mlango wa jikoni, mkono wa kulia ameuzamisha mfukoni. Akakumbuka kwamba amekuwa akiuzamisha hivyo kwa wiki nyingi sasa, mezani, barabarani, hata mbele ya mjukuu. Kumbe mwenzake alikuwa anajua kitambo. Kicheko kikamkatika.

Sasa, nani asiyemjua Zoulikha mtaa wa Alma? Alikuja Ufaransa bado kibinti, kutoka mji wa Relizane ng'ambo ya bahari, kashikwa mkono na baba yake aliyekuwa anafanya kazi kiwanda cha sufu. Mama yao alifariki siku alipomzaa Mounir, na Zoulikha, ambaye hata kifua hakijamjaa, akakabidhiwa kichanga. Alimlea. Alimwogesha, alimvisha, alimpigia watoto waliomwita majina uwanjani. Kila Jumatano, siku isiyo na masomo mchana, alimpeleka maktaba ya mtaa akamkalisha kwenye vile viti vidogo, naye akakaa pembeni magoti yakimgusa kidevu. Baba mtu aliwaambia kila jioni, "Someni. Ukisoma nchi hii hakuna atakayekuuliza umetoka wapi." Baba aliiamini Ufaransa vile watu wanavyomwamini daktari.

Zoulikha hakupata kusoma sana. Akaingia ghala la kampuni moja ya kuuza nguo kwa katalogi, akajifunza foklifti, lile gari la kunyanyulia mizigo, akawa mwanamke wa kwanza wa zamu yake kuliendesha, na dude lile alilirudisha kinyumenyume kati ya rafu huku anaimba. Mshahara wake ndio uliompeleka Mounir chuo Paris.

Mtandio aliuvaa mwenyewe, mwaka aliofariki baba, akiwa mtu mzima wa miaka arobaini. Larbi ndiye aliyemsihi asivae.

"Watakusumbua kazini, mke wangu."

"Wanisumbue," akajibu.

Na kweli wakamsumbua. Bosi akamwambia achague, naye akachagua, kisha akawashtaki. Kesi ilivutwa miaka, akashindwa, akatoka mahakamani amevaa mtandio mwekundu wa kung'aa ili waliomshinda wamwone vizuri. Siku hiyo ndiyo ile Ufaransa ya baba ilipomtoka moyoni. Hakulia. Alisema tu kwamba baba alidanganywa, na aliyemdanganya hata jina lake hakulijua. Tangu hapo anapika kwenye harusi, na harusi ya Alma isiyopikwa na Zoulikha watu huiuliza ina kasoro gani.

Huyo ndiye mwanamke aliyefungiwa ndani. Haya.

Usiku ule alimpigia Mounir, hata salamu hakutoa.

"Umeniua," akasema.

"Dada, ile ni riwaya."

"Mbona kovu ni langu?"

"Mwandishi huchukua vitu hapa na pale, dada. Ndivyo kazi ilivyo."

"Na kidole cha Larbi umekichukua wapi? Hapa, au pale?"

Mounir akasema, "Watu wa Paris hawamjui Larbi."

"Kwani Larbi anaishi Paris?"

"Nitakuja mwezi ujao. Maktaba ya mtaa imenialika. Nikija tutakaa tuzungumze, dada yangu."

"Njoo," Zoulikha akasema, akakata simu.

Kifo chake mwenyewe angeweza kukimeza. Angekuwa anawatania watu sokoni, "Nipunguzie bei, mimi ni maiti." Lililomkata maini ni Larbi. Mtu ambaye tangu kaajiriwa ndiye anayefungua geti la lise asubuhi, anayejua mtoto gani hajala na yupi kagombana na nani, sasa wanafunzi walikuwa wanampita wamekunja kidole kimoja, wanamwonyesha vinne. Walimu wakawa wanamjibu salamu wakitazama viatu. Mkuu wa shule akamwita ofisini, akamwambia kwa upole mwingi kwamba labda apumzike kidogo, mpaka mambo yatulie. Larbi akapumzika. Akawa anakaa ndani anatengeneza pasi ambayo haijaharibika. Msikitini Ijumaa anaingia wa mwisho, anatoka wa kwanza. Kidole chenyewe kililiwa na mashine ya kusokota sufu akiwa kijana, kiwanda kilekile cha baba mkwe, na kwa maisha yake yote hakuna aliyekiona cha ajabu mpaka shemeji yake alipokiandika.

Basi Zoulikha akataka kitu kimoja tu, wala si kingi. Mounir aseme kwa kinywa chake, mbele ya watu waliosoma, kwamba mkono ule haujampiga mtu.

Haikupita wiki, Madamu Lefort wa maktaba akaja kubisha hodi. Mwandishi anakuja, akasema, ukumbi utajaa, watatoka watu hata Lille, na je, akina mama wa mtaa wangependa kupika kuskusi kidogo, kile chakula chao cha punje za ngano, kwa ajili ya wageni? Sisi ndivyo tulivyozoeshwa. Kila utamaduni ukija kututembelea, tunakabidhiwa sufuria.

"Tutapika," Zoulikha akajibu bila kufikiri. Madamu Lefort akafurahi, akasema hakutegemea itakuwa rahisi hivyo. Huyo mama hakujua amekubaliwa nini.

Siku ya kupika, Bi Badra, jirani yake wa ukuta kwa ukuta na mtu mzima wa heshima zake, alikuja na mwiko wake kama kawaida. Akaona nyama ya kondoo, akaona dengu zimelowekwa, akazunguka jikoni anatafuta.

"Zabibu ziko wapi? Mdalasini je?"

"Havimo, Bi Badra."

"Kuskusi ya wageni haina zabibu? Unatuaibisha, mwanangu."

"Hii ni ya arobaini."

Bi Badra akakaa kwenye kiti. "Innalillahi. Nani kafa? Mbona sikuambiwa?"

"Mimi."

Ilibidi amweleze kitabu chote. Bi Badra alisikiliza mpaka mwisho, mwiko mapajani.

"Hapana," akasema. "Mtu hajifanyii arobaini. Unajichuria, Zoulikha. Utavuta mauti humu ndani."

"Aliyenichuria ni ndugu yangu wa tumbo moja. Mimi nahitimisha tu alichoanza. Maiti imelala kitabuni tangu Januari, haina aliyeisomea wala aliyeilia kati yetu sisi. Tutaiacha hivyo hivyo?"

"Na Larbi anasemaje?"

"Larbi hajui. Nimemwambia abebe sinia tu."

Bi Badra akavuta pumzi ndefu, akasema astaghfirullah tatu nne, kisha akanyoosha mkono apewe vitunguu. "Nitakata," akasema. "Lakini mimi simo."

Ukumbi ulijaa kweli. Nusu walikuwa wetu, nusu wageni. Mounir aliingia na shati jeupe na viatu vya ngozi laini, mvi zimemwanza pembeni, akambusu dada yake shavu hili na hili, akamtafuta Larbi kwa macho, akamwona nyuma kabisa kashika sinia kwa mkono mmoja na tumbo, asimfuate.

Chakula kikateremshwa kwenye sinia kubwa za mbao. Wageni walikula wakisifu, mama mmoja wa Lille akasema hajawahi kula kitu halisi namna hii. Watu wetu waliangalia sinia, wakaona nyama na dengu, weupe mtupu, hakuna kitamu hata kimoja, wakatazamana. Sauti zikashuka. Mzee mmoja karibu na dirisha akasema "Mungu amrehemu", halafu akamwuliza mwenzake ni nani. Mounir naye alichukua kijiko kimoja. Amekua mtaa huu huu, na alipokuwa mdogo alilishwa kuskusi ya namna hiyo mara nyingi, ikiwemo ya baba yake. Akaacha kutafuna.

Madamu Lefort akasimama mbele, akamkaribisha mwandishi wetu, mtoto wa mtaa, akamwomba atusomee ule ukurasa ulioiliza Ufaransa nzima.

"Kabla hajasoma," Zoulikha akasema, akasimama alipokuwa amekaa, "tuna desturi yetu."

Madamu Lefort akatabasamu, akapiga makofi kidogo. Alidhani utaimbwa wimbo.

"Chakula mlichokula ni cha msiba," Zoulikha akasema. "Kwetu mtu akifa tunapika hivi siku yake ya arobaini, na kabla watu hawajatawanyika, mmoja wa jamaa anasimama anauliza. Basi mimi nauliza. Kama yupo mtu ambaye marehemu alimkosea, aseme sasa, asamehe, marehemu apumzike. Na marehemu ni mimi. Zouina wa kitabuni ndiye mimi. Kovu hili hapa."

Bi Badra alifunika uso kwa mtandio, lakini jicho moja aliliacha nje.

"Yupo?" Zoulikha akauliza tena.

"Yupo," sauti ikajibu kutoka nyuma.

Alikuwa Larbi. Zoulikha mwenyewe hakulitegemea hilo. Larbi akaweka sinia chini, akaja mbele taratibu, mtu ambaye kwenye harusi ya binti yake alishindwa kusema hata asanteni. Akautoa mkono mfukoni, akauinua watu wote wauone.

"Mkono wenyewe ndio huu," akasema. "Kidole kimoja kilibaki kiwandani. Kwa hivi vinne nimejenga jiko la nyumba yangu, nimefungua geti la lise asubuhi zote. Na huyu," akamwelekeza Mounir, "alipokuwa mdogo hakujua kufunga kamba za viatu, dada yake yuko zamu ya asubuhi ghalani. Nikipita kwenda kazini, ninaingia ninamfunga mimi. Kwa mkono huu. Mimi nimekosewa, ndiyo. Lakini si na marehemu."

Ukumbi mzima ukageukia meza ya mwandishi.

Mounir alijaribu. Alianza na yale maneno anayoyasema akihojiwa redioni, kwamba fasihi si ushahidi, kwamba mhusika ni mhusika. Sentensi haikufika popote. Akaondoa miwani.

"Sikukuandika hivyo mwanzoni, dada," akasema. "Mara ya kwanza nilikuandika unavyoendesha foklifti ukiimba. Niliandika kesi, mtandio mwekundu, Larbi anapika siku ukichoka. Nikapeleka kwa wachapishaji. Wakanirudishia. Wakasema kimeandikwa vizuri ila huyo dada haaminiki, mwanamke wa namna hiyo hayupo. Nikapeleka kwa wengine, wakasema vilevile. Miaka inakwenda, mimi ni mwalimu wa muda, nakaa chumba kama kabati. Nikakaa wikiendi moja nikakuua. Wiki iliyofuata wakanipigia simu."

"Na Larbi?"

"Walisema lazima awepo wa kukuua."

"Ukawapa huyu aliyekufunga viatu."

"Nilidhani nikishaingia ndani nitawaambia ukweli. Niliapa, wallahi. Lakini kila ninapoalikwa wananiuliza habari za kifo chako tu. Nikitaka kusema jingine wanatazama saa. Paris yote haijapata kuniuliza mimi mwenyewe nimeota nini au nimesoma nini. Wananiuliza nilitorokaje. Nilitoroka nini, dada? Nilipanda treni ya saa mbili, na sandwichi ukanifungia wewe."

Ilimwingia Zoulikha, asiseme mtu haikumwingia. Nusura amwendee. Lakini kabla hajapiga hatua, yule mama wa Lille akasimama, uso umemwiva.

"Lakini mimi nililia," akamwambia Zoulikha. "Nililia kwa ajili yako, madamu. Dada yangu naye alilia."

Alisema kama mtu aliyeuziwa mali bandia. Zoulikha akamtazama kwa upole, maana mama wa watu hakuwa na ubaya.

"Pole," akamwambia. "Kazini nilipofukuzwa sikumwona mtu akilia. Lakini chozi halipotei, likikubakia jingine ulitumie kwa hilo."

Watu wetu wakacheka, na wageni wachache nao. Kati ya wageni alikuwepo pia yule mwalimu wa baiskeli. Hakucheka, alikuwa anafuta macho, kisha akaja akampa Larbi mkono, ule wa kulia, akaushika sana.

Ukumbi ulianza kupungua. Ukurasa haukusomwa. Madamu Lefort alikuwa anakusanya vitabu ambavyo havikupata saini, anavipanga, anavipangua. Mounir akamjia dada yake pale kwenye sinia, macho mekundu, akataka kumbusu kichwani kama alivyokuwa akifanya zamani akikosa.

"Nisamehe, dada."

"Msamehe," Bi Badra akadakia. "Ni damu yako hiyo. Ulimlea kama umemzaa."

"Nitamsameheje, Bi Badra?" Zoulikha akasema. "Mimi nimekufa. Hapa mtaani wamesikia, sawa, lakini hapa hata kabla walikuwa wananiona naenda sokoni. Aende akanifufue kule kule alikoniulia. Akae kwenye kile kiti cha televisheni wanachomhojia, awatazame, aseme dada yangu yu hai na mumewe hajamgusa. Akishanifufua, nitamsamehe."

"Hawataniita tena, dada. Wala hawatachapa kingine."

"Najua. Na mimi bosi alinipa nichague."

Mounir akainamisha kichwa. Bi Badra akasema kufufua ni kwa Mungu peke yake, wachunge ndimi zao. Zoulikha akamwomba radhi Bi Badra, akafunga masufuria, akamwacha yule ndugu yake amesimama na shati lake jeupe.

Hayo yalikuwa masika ya mwaka jana. Mpaka leo Mounir hajakaa kwenye kiti hicho kusema neno hilo, na wala hajaandika kitabu kingine. Mara moja moja anapiga simu, Zoulikha anaipokea, anamsikiliza anavyopumua, anamwuliza, "Umenifufua?" Akisikia kimya anamwambia ale vizuri, avae sweta, anakata.

Ila Larbi hakumsubiri. Jumatatu ile ile baada ya msiba aliamka alfajiri, akaswali, akavaa koti la kazi. Zoulikha akamwuliza anakwenda wapi, mkuu wa shule si bado hajamwita?

"Hakuniita," Larbi akasema. "Funguo ninazo mimi."

Akalifungua geti kwa mkono wa kulia, akalishikilia wazi wanafunzi wapite. Walipita wengi wametazama chini. Msichana mmoja wa darasa la juu, kitabu cha Mounir kinaonekana kwenye mkoba wake, akasimama mbele yake akamkazia macho.

"Bwana Larbi, ni wewe uliyemo humu?"

"Hapana," Larbi akasema. "Mimi niko hapa getini. Pita, umechelewa."